Taa ya Omena Ndani ya Seli

Jumamosi moja niliongea mbele ya wanafunzi wa klabu ya sayansi na wazazi wao hapa Kisumu. Watu wamenisumbua niiandike hiyo hotuba, basi hii hapa, nimeiacha venye niliongea, hata pale nilipotoka njia.

Habari zenu jameni. Wale wa nyuma njooni mbele, viti viko, leo hakuna mtihani. Mwalimu mkuu, walimu, wazazi wetu, asanteni sana kwa kunikaribisha. Na wewe kijana hapo dirishani, hiyo pazia kaa nayo karibu, tutaihitaji, manake kuna kitu nimebeba ndani ya hii chupa ya jemu na kinataka giza.

Nianze na swali. Nani hapa ameshasimama ufukwe wa Dunga usiku, ule usiku wa giza totoro, mwezi hakuna? Mikono ni mingi, sawa. Unaona nini? Maji huoni. Boti huoni. Wavuvi wenyewe huwaoni, unasikia tu sauti zikija na upepo. Kitu unaona ni taa, zimejaa huko ndani mpaka mgeni akija mara ya kwanza anauliza huo ni mji gani ng'ambo ile. Ni watu wa omena, wale dagaa wetu wa ziwa, wamewasha taa juu ya maji ndio samaki waje. Sasa nikikwambia nihesabie boti zilizotoka usiku wa leo utafanya aje? Hutaogelea uende ukigonga boti moja moja uulize "hodi, nyinyi ni wangapi?" Utakaa hapo ufukweni uhesabu taa.

Hiyo ndio kazi nimefanya miaka kadhaa, nahesabu taa, tofauti ni kwamba ziwa langu ni seli na boti zangu ni protini.

(Hapa kijana mmoja wa Dunga akanikatiza. Akasema, "Lakini hiyo hesabu yako si poa, boti moja inaweza kuwa na taa tatu, nne." Ukumbi ukacheka. Nikamwambia akae na hilo swali lake vizuri, ndilo swali gumu kuliko yote ya leo na mimi nimelipia ada kulijifunza.)

Sasa protini. Mkisikia protini mnafikiria ndengu, mayai, omena yenyewe. Ni kweli, lakini ndani ya mwili protini ndio wafanyakazi. Ile inabeba oksijeni kwa damu ni protini, inayokunja misuli ni protini, inayomwambia seli "gawanyika sasa" ama "tulia kwanza" ni protini pia. DNA ni kitabu cha mapishi tu, kitabu hakishibishi mtu. Na kuna kosa watu wengi wanafanya, wanapima ujumbe uliotoka kwa jeni, yaani pishi moja la hicho kitabu, halafu wanasema basi protini iko nyingi. Hapana bwana. Unaweza kuandika oda kumi jikoni na zitoke sahani mbili, ama zitoke kumi na nane zimwagwe. Seli inatengeneza protini na inazivunja, yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hivyo ukitaka kujua protini iko kiasi gani lazima uhesabu protini yenyewe.

Niwape mfano wa hapa nyumbani. Wazee mtakuwa mmeona, mtoto wa miaka mitano, sita, taya linavimba haraka sana, wengine wanadhani ni jino. Ni saratani ya seli nyeupe za damu inaitwa Burkitt, jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyeiandika mwaka 1958 akiwa Uganda. Iko sana kwa hii kanda yetu ya ziwa, mahali malaria haikomi. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya seli za uvimbe huo, ndio hii virusi inaitwa Epstein-Barr. Lakini kinachoisukuma seli igawanyike kama imerogwa ni protini inaitwa MYC. Kwa kawaida jeni ya MYC inakaa kromosomu ya 8, kromosomu ni zile nyuzi za DNA, na inafungwa na kufunguliwa kwa adabu. Kwenye Burkitt kipande cha kromosomu kinakatika, mara nyingi kinaenda kujibandika kromosomu ya 14, karibu kabisa na jeni za kutengeneza antibodi, zile protini za kinga zinazoshika kitu kimoja maalum, na hapo ni mahali seli hizo za damu hazizimi stima hata siku moja. MYC inatoka tu kama maji ya bomba iliyopasuka.

Na MYC ni protini ya ajabu, haikai. Kwa seli ya kawaida nusu yake inakuwa imeshavunjwa ndani ya dakika 20 hadi 30. Sasa mtu ana dawa anafikiri inapunguza MYC, anataka kujua baada ya dakika kumi iko wapi, baada ya ishirini, baada ya saa moja, na ana dawa zingine elfu mbili zinangoja kwa foleni. Utapima na nini?

Njia ya zamani inaitwa western bloti. Msicheke, hiyo western si ya Kakamega na Bungoma. Kulikuwa na mwanasayansi anaitwa Southern, akabuni njia ya kutafuta DNA, mwaka 1975, njia ikapewa jina lake, kumbe watu wakaona huo ni upande wa dira, waliokuja nyuma na njia ya RNA, ule ujumbe wa jeni, wakaiita northern na ya protini ikawa western. Utani umekwama kwa vitabu mpaka leo.

Mimi hiyo bloti nimeifanya mpaka nikaota nayo. Unavunja seli, unazichemsha na sabuni kali, unazipitisha kwa jeli ukitumia stima, protini ndogo inakimbia, kubwa inajikokota, halafu unazihamisha kwa karatasi maalum, unaiosha karatasi na maziwa. Ndio, maziwa, yale ya unga yasiyo na mafuta, unayakoroga kama ya chai, yanaziba mahali pote pasipo na kazi ndio antibodi isishike ovyo. Kisha antibodi ya kwanza usiku kucha, kesho yake antibodi ya pili, unaosha, unaosha tena, unapiga picha. Siku mbili zimeenda umepata vimistari vyeusi. Unakaa na mwenzako mnabishana kama hiki kimstari ni kinene kuliko kile. Na hiyo ni kama antibodi yako ni nzuri. Kuna moja tuliagiza kutoka nje ikakwama njiani siku tisa, ikafika barafu imeyeyuka zamani ni maji ya uvuguvugu, na sisi kwa ukaidi wetu tukaitumia. Karatasi ikatoka safi kama shuka ya harusi. Sampuli za miezi miwili.

Ndio hapo mtu unaanza kufikiria, badala ya kutafuta protini na antibodi gizani, mbona isibebe taa yake?

Taa zenyewe Mungu alishaziweka. Hebu kijana funga pazia. Funga kabisa, na ile ya upande huu. Haya, angalieni chupa.

(Giza halikuwa giza, mlango wa nyuma ulikuwa wazi na jua la saa tano likaingia lote. Lakini wa mbele waliona. Vimulimuli sita nilishika jana yake jioni nyuma ya nyumba baada ya mvua, viwili vikawaka, kimoja kikazima, kikawaka tena. Mtoto mmoja akasema "aaai" kwa sauti ndogo sana.)

Mwanga huo unatoka wapi? Mfaransa mmoja, Raphaël Dubois, karne ya 19 huko, alionyesha kwamba kuna vitu viwili vinakutana, kimoja ni kama mafuta, akakiita lusiferini, na kingine ni enzaimu, yaani protini ya kazi, inayoyachoma hayo mafuta, lusiferasi. Bila moja hakuna mwanga. Unahitaji na oksijeni, manake ni kuchoma huko, ila ni kuchoma kusiko na moto. Na mwaka 1947 William McElroy, Marekani, akagundua kimulimuli anahitaji kitu cha tatu, ATP, ile nguvu inayotumika na kila seli ya mwili wako ukikimbia ama ukilala. McElroy alikuwa anawalipa watoto wa mtaa wamshikie vimulimuli. Na Osamu Shimomura, Mjapani aliyepata Nobeli mwaka 2008 kwa protini ya kijani ya yavuyavu, alikuwa anaenda na mke wake na watoto wake ufukweni kuchota yavuyavu na nyavu. Mimi napenda sana kukumbusha watu hiyo. Hii sayansi yote watoto wameibebea ndoo.

Jeni ya lusiferasi ya kimulimuli ilitolewa na kunakiliwa mwaka 1985, mwaka uliofuata kuna watu wakaitia kwa mmea wa tumbaku na tumbaku ikawaka. Basi ukaona kama kazi imekwisha, chukua lusiferasi, gundisha kwa protini yako, washa, hesabu. Shida ni uzito. Lusiferasi ya kimulimuli ina amino asidi 550, yaani matofali madogo yanayojenga protini. Protini nyingi za seli hazifiki hapo. Ni kama uchukue ule mtumbwi mdogo wa mtu mmoja uweke jenereta ya harusi juu yake. Itawaka, ndio, na mtumbwi utazama. Protini inajikunja vibaya, inaenda mahali si pake, inavunjwa mapema ama inakataa kuvunjwa, na wewe umekaa hapo unapima taa ukidhani unapima protini.

Taa ndogo ilitoka mbali. Kuna kamba wa bahari kuu, chini huko jua halifiki, jina lake Oplophorus gracilirostris, akishtuliwa na adui anatema wingu la mwanga wa buluu anatoroka. Shimomura na wenzake walikuwa wameshachambua enzaimu yake miaka ya sabini. Mwaka 2012 watu wa kampuni ya Promega kule Wisconsin wakatoa toleo walilolikarabati la hiyo enzaimu, wakaiita NanoLuc. Ni ndogo, karibu theluthi moja ya uzito wa ile ya kimulimuli, na mwanga wake ni karibu mara 150. Wakatengeneza na mafuta yake mapya, furimazini. Na haitaki ATP.

Lakini hata hiyo bado ni mzigo kidogo, na hapa ndio ninaposimama kila mara nikasema hawa watu waliwaza. Wakaikata taa vipande viwili. Kipande kikubwa kinaitwa LgBiT, kipande kidogo ni mkia wa amino asidi kumi na moja tu. Kumi na moja! Kimoja kikiwa peke yake hakiwaki. Vikikutana, vinashikana vinakuwa taa nzima. Wakajaribu mikia mingi, kuna inayoshika kwa ulegevu na inafaa kazi zingine, na kuna mmoja unashika kama kupe, huo ndio HiBiT. Kwa hivyo protini yako haibebi taa tena, inabeba utambi. Utambi ni kitu gani, mashua haijui hata kama iko nao. Ukiwa tayari kupima unavunja seli, unamwaga LgBiT na furimazini kwa pamoja, kila utambi unapata taa yake, mashine inasoma mwanga. Dakika kama kumi umemaliza sahani yenye visima 96, na wenye mashine za kazi kubwa wanatumia visima 384. Nikikumbuka yale maziwa yangu naskia uchungu.

Utambi unaushona vipi? Amino asidi 11 ni herufi 33 za DNA. Hiyo ni fupi mpaka unaagiza imeandikwa tayari, unaiingiza kwa seli pamoja na mkasi wa CRISPR, ule uliowapa Charpentier na Doudna Nobeli ya 2020, mkasi unakata pale mwisho wa jeni unayoitaka, seli ikijitibu hilo jeraha inashona na hizo herufi 33. Mnajua mtoto akienda bodin, mama anashona jina kwa blanketi? Blanketi ni lile lile, limebaki kitandani pake, ila sasa lina jina. Hii ni muhimu kuliko inavyosikika. Zamani tulikuwa tunaingiza jeni nyingine nzima kutoka nje, yenye taa, na seli inaitengeneza kwa fujo, mara kumi, mara mia ya kawaida, halafu unatoa tangazo kuhusu protini ambayo kwa maisha ya kweli haijawahi kuwa nyingi hivyo. Ukishona utambi kwa jeni ya nyumbani, seli yenyewe ndio inaamua itoe ngapi. Unapima maisha yake, humpangii.

Sasa nirudi kwa kijana wa Dunga, uko wapi? Ulisema boti moja taa tatu. Kwetu shida huwa ni kinyume, boti zingine hazina taa kabisa. Kila seli ina nakala mbili za jeni, moja ya baba moja ya mama, na mkasi unaweza kushona moja ukaacha nyingine. Seli za saratani nazo zinaweza kuwa na tatu, nne. Kwa hivyo unahesabu taa elfu, boti ziko elfu mbili, na huna habari. Lazima usome DNA ya ile seli ujue umeshona ngapi. Mtu asiyesoma atakupa namba nzuri ya uongo.

Na mimi si mtakatifu, ngoja niwaambie yangu. Nilikuwa na protini inayotolewa nje ya seli, ile inayotemwa. Nikashona utambi mbele kabisa, mwanzo wa protini, kwa sababu kwenye karatasi mbele palionekana pana nafasi. Wiki sita za kukuza seli, kuchagua, kusoma DNA, kila kitu sawa, DNA inasema utambi uko. Nikaweka sahani kwa mashine. Sifuri. Yaani si sifuri kabisa, ni ile ya kisima chenye maji. Nikabadilisha furimazini, nikabadilisha LgBiT, nikalaumu mashine, nikamlaumu mtu aliyetumia mashine kabla yangu. Siku ya tatu mama mmoja anayeosha vyombo vya labu, ambaye amewaona wengi wakilia, akaniuliza tu, "Si hizo zinazotoka nje huwa zinakatwa kichwa?" Nilikaa chini. Protini za kutemwa zina kipande cha mbele cha kuwaonyesha njia ya mlango, na zikishapita mlangoni hicho kipande kinakatwa kinatupwa. Utambi wangu nilikuwa nimeushona kwa kile kipande cha kutupwa. Seli zangu zilikuwa zinakata jina kwa blanketi kila asubuhi na mimi nauliza mbona blanketi halina jina.

Kuna uzuri mwingine lakini, unatokana na hiyo hiyo tabia ya vipande viwili. LgBiT ni kubwa, haipenyi ngozi ya seli nzima. Kwa hivyo usipovunja seli, ukaimwaga nje tu, itawasha zile protini zimesimama kwa uso wa seli peke yake. Kisima cha pili unavunja, unapata jumla. Unatoa moja kwa nyingine unajua ngapi ziko barazani na ngapi ziko ndani zimelala. Kwa watu wanaofuatilia vipokezi, zile protini za mlangoni zinazopokea homoni na dawa, hii ni raha sana.

Namba zenyewe zinatoka kwa mashine kama milioni moja na laki mbili, na mwanafunzi wa kwanza huniuliza, milioni moja na laki mbili ya nini? Ya kitu chochote. Ni vipimo vya mashine hiyo tu. Akina mama mnaouza Kibuye mnaelewa hii kunishinda. Gorogoro. Nikinunua mahindi kwako leo gorogoro tatu, kesho tano, kwa mkebe ule ule, najua kesho nimepata zaidi. Lakini nikiuliza jirani yako mwenye mkebe uliogongwa chini ukaingia ndani, gorogoro yake si yako. (Vicheko, na mama mmoja akaangalia upande mwingine.) Mashine yangu na mashine ya labu nyingine ni mikebe miwili. Ukitaka kilo, weka kwenye sahani yako protini ya HiBiT unayojua kiasi chake, upime nayo, ndio upate mzani.

Halafu ile habari ya mwezi mpevu. Watu wa omena wanajua, mwezi ukijaa, taa hazifanyi kazi vizuri. Njia nyingine ya kuona protini ni ile ya kijani ya yavuyavu, lakini ile haiwaki yenyewe, unaimulika na taa ingine kwanza ndio inarudisha rangi, na ukimulika, seli nzima nayo inarudisha rangi zake, plastiki ya sahani inarudisha, unajaribu kuona taa ya boti usiku wa mwezi. Hii yetu hatumuliki kitu. Giza ni giza. Ndio maana hata protini iliyo chache sana inaonekana, na kutoka ile chache mpaka ile nyingi zaidi ya mara milioni moja mwanga unapanda kwa uwiano ule ule.

Nitaje Iten kidogo, ule mji wa wakimbiaji, naona kuna mtu amevaa viatu vya kukimbia. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari, Iten ni kama 2,400, hewa nyepesi. Seli inajuaje hewa imepungua? Ina kundi la protini zinaitwa HIF. Oksijeni ikiwa tele, HIF inatengenezwa na kuvunjwa papo hapo, ndani ya dakika tano hivi nusu imeenda. Oksijeni ikipungua, inaachwa, inajaa, inaamsha jeni za kazi ya hewa haba, pamoja na ile ya homoni inayosema tengeneza damu zaidi. Waliofumbua hiyo, Kaelin, Ratcliffe na Semenza, walipata Nobeli 2019. Ni protini tamu sana kwa kupima na utambi, isipokuwa jambo moja: taa yenyewe inataka oksijeni! Umezinyima seli hewa ndio HIF ipande, na taa haiwaki bila hewa, na ukirudisha hewa ndio taa iwake, HIF inavunjwa mbele ya macho yako. Unavunja seli haraka sana zikiwa bado humo kwenye hewa haba, ile mashine ya kuvunja protini inapoteza kazi, ndipo unawapa mwanga na oksijeni. Nilimwona mtu anaongea na simu katikati ya hiyo hatua. Alirudia mwezi wote.

La mwisho kabla ya maswali. Umeweka dawa, mwanga umeshuka. Umefurahi, dawa inaua MYC. Pole pole. Inawezekana dawa imeua seli zote, na maiti haitengenezi protini. Hapo kimulimuli anarudi kukusaidia, unatumia lusiferasi yake kupima ATP, seli hai ina ATP, iliyokufa haina. Ama inawezekana dawa haijagusa MYC, imegusa taa, imeizima. Kwa hilo unachukua HiBiT na LgBiT kwenye kijibomba bila seli yoyote, unaweka dawa, ukiona mwanga umeshuka na hapo, basi umegundua dawa ya kuzima taa, hongera, hakuna mgonjwa anayeihitaji. Mimi mtu akiniletea grafu nzuri swali langu ni moja, hizi taa ulizihesabu, boti ulienda kuziona?

Haya, maswali.

Mzee mmoja aliuliza, "Daktari, hiyo taa haichomi seli?" Nikamwambia mzee wangu kwanza mimi si daktari, na pili shika chupa hii. Akashika. Baridi. Mwanga wa viumbe hautoi joto la kuhisi.

Kijana akataka kujua kama tunaweza kumshonea mtu utambi halafu tumpime akiwa amelala tu. Hapana omera, tunashona seli za labu. Panya wa labu wanapimwa hivyo, lakini hata kwa panya mwanga wa buluu unamezwa na damu kabla ya kutoka nje, ndio maana watu wanahangaika kupata taa nyekundu zaidi.

Mama mmoja, nadhani ndiye yule wa gorogoro, akasimama akaniuliza hii kitu itamsaidia nini mtoto mwenye taya limevimba leo. Nikamwambia ukweli, leo, hakuna. Yule mtoto leo anahitaji kufikishwa hospitali mapema, na kuna dawa za kuchoma hiyo saratani na watoto wengi wanapona wakiwahi. Utambi ni kwa yule anayetafuta dawa ya kesho, badala ya kujaribu dawa tano kwa mwezi anajaribu mamia kwa siku. Vimelea vya malaria pia vimewekewa lusiferasi kwa labu ili dawa zijaribiwe kwa kuangalia mwanga ukizima. Mama akasema sawa, akakaa, lakini uso wake haukuwa wa sawa, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumwongezea.

Wa mwisho alikuwa msichana wa kidato cha pili, alikuwa ameshikilia ile chupa yangu muda wote. Akaniambia, "Mwalimu, hiki kimoja kimekufa." Kweli, kilikuwa kimelala mgongo. Akauliza, kikifa mwanga unakufa nacho? Nikamwambia hapo ndipo McElroy alipoanzia, alikuwa na mikia ya vimulimuli vilivyokaushwa vikasagwa, unaweka maji inawaka kidogo halafu inazima. Akajaribu sukari, hakuna. Akaweka ATP, ikawaka tena. Lusiferasi bado ilikuwepo, lusiferini bado ilikuwepo, kilichokuwa kimeisha ni nguvu tu.

Akanyamaza kidogo, akafungua kifuniko taratibu ili vile vitano vitoke dirishani, akaniuliza kama anaweza kubaki na kile cha sita.